Mwambie Nakuja

Mtani alitoka nyuma ya nyumba amevaa sweta ya marehemu. Alikuwa amejifunga kanga kichwani kama marehemu alivyokuwa akijifunga, fundo upande wa kushoto, na kabla hajatufikia sisi akina mama tuliokaa mkekani alipiga magoti kwenye vumbi, akakunja viganja kama anayechota maji, akapiga makofi ya taratibu. Kisha akaanza. "Hamjambo hapa? Watoto hawajambo? Mzee hajambo? Mbuzi je? Na yule mwenye pembe moja? Kuku hawajambo? Na yule jogoo niliyemwacha anakohoa?" Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akajibu kutoka jikoni, "Jogoo tumeshamla, mama!" Mtani akajipigapiga kifua: "Jogoo wangu! Mmemla na mimi sijamaliza kumsalimia!" Akageukia upande wa makaburi, akatikisa kichwa. "Malaika leo wana kazi. Wakimuuliza jina, atawauliza kwanza kama walikotoka wote ni wazima." Hata watoto wa marehemu walicheka, na ndivyo inavyotakiwa, mtani kazi yake ni kuwarudisha wafiwa kwenye kula na kuongea. Mimi nilicheka na wenzangu mpaka nilipoitazama ile sweta vizuri. Ilikuwa ya bluu, viwiko vimezibwa kwa uzi wa kahawia. Nikainamisha kichwa nikajifanya naokota kitu.

Ilikuwa Chala, mwezi wa Saba uliopita, siku ya pili baada ya kumzika mama yake Oliva. Upepo wa Ufipa wa mwezi huo unajulikana: jua kali, anga halina hata wingu moja, na bado watu wazima wanakaa wamejikunyata kama wenye homa. Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifanya kazi ya kuuliza maswali na kuandika majibu, nikitumwa mikoani kote, na sifa niliyopewa na wahariri wangu ni kwamba sirudi na habari nusu. Lakini ipo habari moja ambayo nilirudi nayo nusu, tena kabla sijawa mwandishi, na nimeibeba tangu nikiwa na miaka ishirini. Asubuhi moja ya Jumanne, mama yake Oliva alinifuata nyumbani kwa mama yangu mdogo, mtaa wa Kizwite, mjini Sumbawanga. Alikaa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, na chai yenyewe hakunywa. Swali langu ni jepesi kuliuliza: alikuja kuniambia nini?

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri kuitwa chuoni. Mwezi wa Tano na wa Sita niliimaliza kitandani kwa homa ya matumbo, na nilipoanza kusimama bila kushika ukuta nilipelekwa Sumbawanga kwa mama mdogo, ambaye alinipa amri moja tu mlangoni: "Hapa Skola umekuja kujitunza. Ndoo ya maji nisikuone nayo." Nilikuwa mtu wa mpangilio tangu zamani. Siku ya kwanza ya mwezi nilifungua daftari la kurasa themanini, nikaandika MWEZI WA SABA kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake kwa rula, na kuorodhesha nitakayoyafanya. Daftari hilo ninalo hadi leo. Nilikusudia kunenepa, kuota jua kila asubuhi, kusoma vitabu vitatu, kuchoma nywele, kuhudhuria mazoezi ya kwaya, kujifunza kutengeneza pombe ya ulezi kuanzia kwenye kimea, na kucheza ngoma kwenye harusi ya Felista, binti wa mama mdogo, bila kuchekwa na wazee. La mwisho kwenye orodha, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule: "Kumtembelea Oliva, Chala, na kumrudishia sweta. Baada ya harusi."

Habari ya sweta ni fupi. Oliva na mimi tulikaa dawati moja miaka minne ya sekondari, na asubuhi za Sumbawanga kati ya mwezi wa Tano na wa Nane zilikuwa za kuumiza vidole. Tulichagua sweta moja ya bluu kwenye mitumba, kubwa kidogo kwetu sote wawili, tukaivaa kwa zamu. Jumatatu yangu, Jumanne yake, hivyo hivyo mpaka Ijumaa, na wiki inayofuata tunageuza. Asiye na sweta siku hiyo alikaa upande wa ndani wa dawati, mbali na dirisha lenye kioo kilichovunjika, na mwenye sweta alimkinga upepo kwa mgongo. Oliva alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa hesabu. Matokeo yalipotoka mimi nilipangiwa shule ya mbali, yeye akarudi Chala kulima na mama yake. Siku tuliyoachana stendi ilikuwa siku yangu ya kuvaa. Nilipanda gari nikiwa na sweta mwilini, na nilipofika nilimwandikia kwamba nitaileta. Nikaandika barua ya pili. Ya tatu niliianza.

Nyumba ya mama mdogo mwezi ule ilikuwa haina kona tupu. Sebuleni viti vyote vilivikwa vitambaa vya kufuma vilivyofuliwa na kupigwa wanga kwa ajili ya wageni, na katikati ya viti palikaa jiko la mkaa lililowashwa tangu alfajiri kwa sababu ya baridi. Uani kulitandazwa mikeka ya ulezi uliokwisha kuchipua, unakaushwa uwe kimea, na harufu yake, kati ya mkate na majani yaliyolowa, iliingia hadi kwenye mashuka. Asubuhi nilikalishwa juani kando ya mikeka hiyo nimejifunika blanketi, nikapewa uji wa ulezi wenye karanga, bakuli zima, na mama mdogo akasimama mbele yangu mpaka aone kitako cha bakuli. Mama wa Kisukuma aliyekuwa akituletea maziwa kwa baiskeli alikuwa ananipima mkono kwa macho kila siku. "Leo kidogo afadhali," alikuwa akimwambia mama mdogo, kana kwamba mimi ni ndama aliyemwacha hapo anone. Mchana nilipakwa mafuta na kulazwa. Nikiwa nimelala nilisikiliza. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele chumba cha pili walimzungumza bwana harusi, mtu wa Wampembe, na ndugu zake ambao walitarajiwa kuleta migebuka ya kukausha. "Watu wa ziwani hawajui baridi," mmoja alisema. "Watafika hapa na vishati, tuwazike wote Jumapili." Mwingine akasema, "Wakileta samaki wa kutosha tutawapa mablanketi." Niliandika maneno hayo yote. Nilikuwa naandika kila nilichokisikia, nikidhani kusikia ndiyo kazi yenyewe.

Aliyekuja kunichoma nywele ni dada Zaituni, mke wa mwenye duka la mtaa wa juu, mwanamke wa maneno mengi aliyeolewa Sumbawanga akitokea Tabora. Alikuja Jumanne ya wiki ya pili, kwenye saa nne asubuhi, na kitana chake cha chuma na kopo la mafuta ya mgando. Akakiweka kitana kwenye makaa ya lile jiko la sebuleni, akanikalisha chini kati ya magoti yake. "Usitikisike, bibie. Sikio ukilitaka, tulia." Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umeshanyooka na unameremeta, wa kushoto bado umesimama, ndipo Felista akaingia kutoka uani. "Skola, una mgeni. Mama mmoja wa shamba. Amekataa kuingia ndani."

Alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na mikeka ya kimea. Nilimtambua mara moja, maana likizo mbili niliwahi kulala nyumbani kwake, nikala ugali wake wa ulezi na maharage mabichi. Alikuwa amepungua. Miguu ilikuwa safi, haina vumbi la safari, na pembeni yake aliweka kikapu kilichofunikwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimesogea, nikaona ndani kikombe cha bati, kijiko, na chupa ya chai. Nilivitazama vitu hivyo kimoja kimoja. Aliponiona alipiga magoti, yeye mtu mzima, kwa desturi ya kwao ya kumheshimu mwenye nyumba hata awe nani, na mimi nikapiga magoti haraka ili nisimwache chini peke yake. Akapiga makofi. Akaanza kwa Kifipa.

Nieleze hapa jambo ambalo kila mtu aliyekulia Ufipa analijua, na ambalo mimi nililijua vizuri kuliko nilivyotaka kulikumbuka asubuhi ile. Kwa watu wa umri wa mama yake Oliva, salamu ilikuwa safari yenye vituo. Unaulizwa ulivyoamka, unajibu salama. Unaulizwa wa nyumbani, shamba, mifugo, njia uliyopita, na kote unajibu salama, hata kama nyumba imeungua. Si uongo. Ni kumpa mwenzako nafasi ya kukaa vizuri kabla hujamwekea mzigo. Salamu ikishakwisha kabisa, mgeni ananyamaza kidogo, anatazama chini, na ndipo anaposema, "Isipokuwa." Baada ya neno hilo ndipo habari inapoanza. Anayejua desturi husubiri kimya hicho. Anaweza kusubiri mpaka kimya kimkere, lakini hainuki.

Mimi nilimjibu kwa Kiswahili, na hapo tayari nilikuwa nimefupisha njia, kwa sababu salamu zetu za mjini zina vituo vichache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Tulisikia uliugua. Umepona?"

"Nimepona. Si unaniona?"

"Nakuona. Mama mdogo hajambo?"

"Hajambo. Wote wazima. Na huko kwenu, mama? Mmeshavuna maharage?"

"Tumevuna, tunashukuru."

"Na Oliva je?"

Nilimuuliza. Hilo nitalishikilia mpaka mwisho, kwamba nilimuuliza. Akatazama chini kwenye mikeka. Na kabla hajasema lolote dada Zaituni akapaza sauti kutoka sebuleni: "Skola! Kitana kimekuwa chekundu! Nichome nywele au nichome mishikaki?" Wanawake wakacheka ndani. Nikacheka na mimi. Nikashika kichwa changu, upande ule ambao haujanyooka, nikaona aibu, nikainuka. Niliinuka kabla yake.

"Mama, nisamehe, tuna harusi hapa, unaona nilivyo. Mwambie Oliva nakuja. Mwambie nakuja kabisa."

Alibaki amepiga magoti, akanitazama kutoka chini. "Nimwambie unakuja," alisema.

"Ndiyo, mama. Mwambie nakuja."

"Haya, mwanangu." Akapiga makofi matatu ya kuaga, akachukua kikapu chake. Mama mdogo alitoka na kikombe cha chai mkononi, akakuta gogo halina mtu. "Yule mgeni wako kaenda wapi? Mbona hujamwambia angoje chai?" Nikamjibu kwamba alipita kusalimia tu. Jioni, nikiwa na nywele zilizonyooka pande zote mbili, niliandika kwenye daftari: "Mama Oliva kaja kusalimia. Kikapu: kikombe cha bati, kijiko, chupa ya chai. Wote wazima."

Nimewafundisha vijana wengi kazi ya uandishi, na mara kadhaa nimewasomea sentensi hizo bila kuwaambia ni za nani. Huwa nawauliza, mtu aliyetoka Chala kwa lori la maharage anabeba chupa ya chai na kijiko kwenda wapi, na kwa nini miguu yake haina vumbi? Kijana mwerevu huviweka vitu hivyo pamoja. Anasema, "Ametokea hospitali. Anauguza mtu." Wote husema hivyo, wengine hata kabla sijamaliza swali. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale uani. Mimi niliviona vitu vyote, nikavihesabu, nikaviandika kwa usahihi, na sikuelewa kimoja.

Siku zilizofuata zilijaa mambo mpaka sikuwa na nafasi ya kufikiri. Mchana nilikwenda mazoezi ya kwaya kwenye ukumbi wa parokia, tukirudia wimbo mmoja hadi mwalimu alipoacha kutupigia meza. Saa kumi jioni wazee wa kike walikusanya mabinti uani kutufundisha kucheza, na bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa akinigusa kiuno nayo. "Huyu amesoma mpaka kiuno kimekauka. Lainika, mwalimu!" Nilinenepa. Rafiki zangu wa zamani walipita wakanisifu. Niligeuza unga wa kimea kwenye mitungi, nikajifunza kusikia kwa sikio kama pombe imeanza kuchemka yenyewe. Kila kitu kwenye orodha nilikiwekea alama ya vema. Kilichobaki ni harusi yenyewe, kitabu cha tatu, na Chala.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Watu wa Wampembe walifika na migebuka na makoti, wakawanyima wanawake wetu mzaha waliouandaa. Baada ya misa tulimsindikiza bibi harusi kwa miguu na ngoma, nami nilikuwa mstari wa mbele, na tulipofika kwenye barabara iendayo kaskazini tulikutana na pikapu imebeba watu wamekaa kimya pembeni ya kitu kilichofunikwa shuka. Mpiga ngoma aliinua mikono. Sote tukanyamaza, tukasogea ukingoni, wanaume wakavua kofia, na shela la Felista likashikwa lisipepee. Pikapu ilipita polepole. Ilipopotea kwenye vumbi, bibi mwenye fimbo akasema, "Haya, wanangu, yetu ni yetu," ngoma ikaanza upya. Usiku huo sikuandika. Kesho yake niliandika: "Tulipishana na msiba. Tulisimama." Sijawahi kumuuliza mtu kama pikapu ile ilikuwa inakwenda Chala. Ninajua kuhesabu siku.

Alhamisi nilipanda gari la mizigo la mume wa dada Zaituni, aliyekuwa anapeleka sabuni na chumvi huko. Nilikaa mbele na dereva, sweta nimeifua, nimeikunja na kuifunga kwa gazeti. Mwezi wa Saba mashamba ya Ufipa yanabaki wazi, na kinachoonekana ni yale matuta ya duara ambayo watu wetu huyaita ntumba: majani yamefukiwa chini ya udongo yaoze, yawe mbolea ya mwaka unaofuata, safu baada ya safu mpaka macho yanapokwisha. Nilikuwa nimeyaona tangu utoto. Siku ile dereva, mtu wa kuja, aliyatazama akasema, "Dada, huku kwenu ukiwa mgeni unaweza kudhani ni makaburi." Nikamcheka. Nikamweleza namna yanavyolimwa, maharage kwanza, ulezi baadaye, kwa fahari kabisa, kama ninayeandika taarifa.

Nilijua kabla sijafika mlangoni. Wanawake walikuwa wamekaa nje, kanga zimefungwa viunoni, na moto ulikuwa unawaka mahali ambapo siku za kawaida hauwashwi. Mama yake Oliva alikuwa mkekani. Nilipiga magoti na furushi langu kifuani, na yeye akaanza. Umeamkaje. Njia ilikuwa salama? Mama mdogo hajambo? Harusi imekwenda vizuri? Bibi harusi hajambo? Watu wa ziwani walifika salama? Nilijibu kila swali salama, salama, huku nimeshaliona nyuma ya nyumba tuta moja ambalo udongo wake ulikuwa mbichi, refu kuliko matuta mengine. Alipitia vituo vyote. Hakuruka hata kimoja. Kisha akanyamaza, akatazama chini, nami nikasubiri kimya kile mpaka mwisho wake, mara yangu ya kwanza.

"Isipokuwa," alisema, "mwenzako hayupo."

Sikumbuki nilichofanya. Nakumbuka kwamba baadaye, tulipokuwa wawili, nilimuuliza. "Mama, siku ile ulipokuja Kizwite." Hakuningoja nimalize. "Nilikuja kusalimia tu, mwanangu." Akachukua lile furushi, akafungua gazeti, akainusa sweta. Palepale akaivaa. Ilimtosha.

Tangu hapo nilikwenda Chala karibu kila mwaka. Nilikwenda nikiwa mwanafunzi wa chuo, nikiwa na kazi, nikiwa na watoto. Sweta ilichakaa viwiko, ikazibwa, ikachakaa tena. Nilimuuliza mara tatu zaidi, kwa njia tofauti, kama nilivyozoea kuwauliza wakubwa wanaoficha kitu: mara kwa kushtukiza, mara kwa kuzunguka, mara ya mwisho kwa kumwambia moja kwa moja kwamba najua Oliva alikuwa wodini. Kila mara jibu lilikuwa lilelile, na sauti ileile. "Nilikuja kusalimia." Nimewahi kuwahoji watu waliojua kunyamaza. Hakuna aliyenishinda kama yeye. Katikati ya miaka hiyo yote nilikuwa nikijiambia kwamba huenda ni kweli. Huenda alipita tu. Lakini kila mwezi wa Saba, nikisikia kitu chochote kikiungua karibu na nywele, nilikuwa nainua kichwa na kutazama mlangoni.

Basi siku ile ya mtani, baada ya watu kula, nilikwenda nyuma ya nyumba kumsaidia Paulina kusugua masufuria. Paulina ni mdogo wake Oliva. Wakati ule alikuwa na miaka tisa, sasa ana wajukuu. Mtani alikuwa ameshavua sweta, ameitundika kwenye kamba, na upepo ulikuwa unaijaza mikono. Vijana waliokuwa wakichota maji walipita wakisalimiana, "Mambo, mshikaji?" "Poa," na kuendelea na safari yao. Paulina akawasindikiza kwa macho. "Hawa wameshamaliza," alisema. "Mama angekuwa bado yuko kwenye kuku." Tukacheka kidogo. Akachukua majivu, akasugua sufuria kwa nguvu, na bila kuniangalia akasema, "Dada Skola, mama alinikataza nisikwambie akiwa hai. Sasa sijui kama ananisikia."

"Niambie."

"Sitaki uumie."

"Paulina, niambie."

"Mimi nilikuwepo hospitali. Nilikuwa nalala chini ya kitanda cha dada, kwenye mkeka. Siku ya pili tukiwa pale daktari alimwita mama pembeni, na mama aliporudi akamuuliza dada anataka nini. Dada akasema anakutaka wewe. Akasema pia anasikia baridi." Paulina alimwaga maji, akachota mengine. "Mama akaja kwenu. Aliporudi dada alimuuliza, umemkuta? Mama akasema nimemkuta, amenenepa, anapendeza. Amesema anakuja. Dada akauliza, amesema hivyohivyo? Mama akasema amesema mara tatu."

Nilikuwa nimesema mara tatu. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Basi dada akasema asukwe," Paulina aliendelea. "Alikuwa hawezi kukaa, kwa hiyo mama alimlaza ubavu, akasuka upande mmoja, wakapumzika, kesho yake wakamgeuza akasuka wa pili. Mimi nilikuwa nashika kitana. Alisema hawezi kukutana na wewe na nywele za mgonjwa, utamcheka. Na kila mlango ulipofunguka alikuwa anageuza shingo hivi." Alinionyesha. Aligeuza shingo kutazama mlango wa jiko, na kwa nusu sekunde sura yake ilikuwa ya mtu mwingine, kisha ikarudi kuwa yake. "Hakuwa na hasira, dada. Mpaka mwisho alikuwa anasema una harusi, utachelewa kidogo."

Nilimaliza kusugua sufuria niliyokuwa nayo. Nikaisuuza, nikaifudikiza kwenye kichanja. Paulina alikwenda kwenye kamba, akaleta sweta, akanipa, akasema mtani ameshamaliza nayo na leo zamu ni yangu. Sijui alilijuaje hilo la zamu. Lazima Oliva alimsimulia wakiwa wodini, siku zile za kusubiri.

Nimerudi nyumbani. Daftari lipo mbele yangu, jalada limefifia, na chini ya mstari wa rula alama zangu za vema zimepangika vizuri. Gazetini kwetu tulikuwa na kona ndogo chini ya ukurasa wa pili, ya kusahihisha makosa yetu wenyewe. Kanuni yake ilikuwa kutaja lililoandikwa, kusema lililo kweli, na kutoongeza maneno ya kujitetea. Kwenye ukurasa wa Jumanne ile ilibaki nafasi ya mistari miwili. Nimeandika humo, kwa kalamu ya leo:

"Tuliandika kwamba mama Oliva alikuja kusalimia na kwamba wote walikuwa wazima. Alikuja kuniita. Nilisema nakuja."